Wanja wa Lenzi

Barua ya chama cha mafundi cherehani ilikuwa na sentensi tatu tu. Mama mdogo alinisomea zote akiwa amesimama, mkono mmoja ungali juu ya gurudumu la cherehani kana kwamba angeweza kulizungusha kinyume na siku ikarudi ilikotoka. Ya kwanza ilimshukuru kwa kuomba nafasi ya mkufunzi mkuu wa karakana mpya ya chama. Ya pili ilieleza kwamba hakuna hata moja kati ya picha kumi na mbili za kazi zake iliyoonyesha alama yake iliyosajiliwa, ilhali vazi la mfano alilowasilisha kwa mkono linayo. Ya tatu ilimwita mbele ya kamati Jumatatu, saa nne asubuhi, aeleze nguo zilizomo pichani zilishonwa na nani.

“Zilishonwa na nani,” alirudia, akaikunja barua mara nne mpaka ikawa ndogo kama kibiriti. “Hawa wananiita mwizi, mwanangu. Tena kwa adabu.”

Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni muda huo huo, mkoba ungali begani. Nilimwambia kwamba huenda karani amekosea. Lakini sote wawili tulijua kwamba makarani wa chama kile hawakosei. Wengi wao ni mafundi waliostaafu, na jicho la fundi halistaafu.

Katika chama hicho kila fundi ana alama yake. Mmoja hukifunga kifungo cha mwisho kwa uzi uliopishana. Mwingine huficha mafundo matatu ndani ya ukosi. Mama mdogo, ambaye kwa miaka kumi na tisa ameshona nguo nyeupe peke yake kwa kuwa, kwa maneno yake mwenyewe, nyeupe haimfichii fundi dhambi, hupitisha uzi mmoja wa zambarau kwenye ukingo kabisa wa pindo. Ni mstari mwembamba kiasi kwamba mtu anaweza kulivaa gauni lake miaka mitano asiuone. Lakini upo. Wauguzi wanaovaa sare alizozishona wanaujua, na wanakwaya wanaujua, na mafundi wenzake wanaujua kuliko wote.

Karakana ile ilikuwa ndoto yake. Wasichana ishirini, cherehani ishirini, na yeye katikati akiwa na chaki mkononi. Alikwisha kuandika masomo ya miezi mitatu ya kwanza kwenye daftari langu la zamani la takwimu. Sasa haikuwa nafasi peke yake iliyokuwa hatarini. Fundi akithibitika kuwasilisha kazi ya mwenzake, jina lake hufutwa katika orodha, na alama yake hupewa mtu mwingine.

“Nani alizishika hizo picha?” aliniuliza.

“Mimi, mama.”

“Na nani mwingine?”

Swali hilo lilinifungulia mlango, nami nikaingia bila kubisha hodi.

Picha nilizipiga katika studio ya mjomba, kaka yao mama yangu na mama mdogo, ambako hufanya kazi kila alasiri nisiyokuwa na mihadhara. Ni chumba kirefu chenye pazia jeusi upande mmoja, kiti cha kuzunguka, na kompyuta mbili zilizopeana migongo. Moja ni yangu. Nyingine ni ya bwana mmoja anayeitwa Sabuni, kwa sababu huzitakasa sura za wateja mpaka mama zao wanasita kuzitambua. Juu ya kompyuta yangu nilikuwa nimebandika karatasi niliyoiandika kwa mkono: *Picha isiseme uongo.* Siku ya pili yake nilikuta chini yake pameongezwa kwa penseli: *Na mwenye sura mbaya akalale wapi?* Sikuhitaji kuuliza ni mwandiko wa nani.

Lenzi yetu kubwa ina tabia moja mbaya. Ukilifungua tundu lake mpaka mwisho ili limeze mwanga wa kutosha, basi kila mahali cheupe kinapokutana na cheusi hutokea mstari wa zambarau ambao haupo duniani. Mjomba huuita wanja. “Leo lenzi imejipaka wanja,” husema, “nenda kaioshe.” Kuiosha ni kazi ya kompyuta, na ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu niliiona kuwa ni kazi ya ukweli: unaondoa kile ambacho jicho halikukiona.

Nguo kumi na mbili tuliziazima kwa wenyewe siku moja, Jumanne. Nilizitundika kwenye henga mbele ya pazia jeusi, nikazipiga picha, na kabla ya magharibi zikawa zimerudi kwa wenyewe. Nyeupe juu ya nyeusi: wanja ulimwagika bila kipimo, hasa kwenye waya wa henga, uliong’aa kama umeme. Jumatano asubuhi nikaziosha. Sabuni alipita nyuma yangu na kikombe cha chai.

“Profesa,” alisema, “dawa moja kwa wagonjwa wote?”

“Dawa hii inaujua ugonjwa wake.”

“Haya. Usije ukamuua na mzima.”

Niliichukulia kuwa kejeli ya mtu wa zamani. Alhamisi nilirudi mapema kuliko ilivyotarajiwa, na hapo ndipo nilipokiona kile ambacho baadaye hakikunitoka kichwani: Sabuni ameketi kwenye kiti changu, jalada la picha za mama mdogo liko wazi mbele yake, na fleshi nyekundu ya kunakilia mafaili imechomekwa ubavuni mwa kompyuta. Aliponiona aliichomoa, akaitumbukiza katika mfuko wa shati, akasema, “Nilikuwa natafuta faili la mteja.” Baada ya hapo ndipo nilipozichapisha picha. Nilizitia ndani ya bahasha bila kumwonyesha mama mdogo, kwani nilitaka azione kwa mara ya kwanza zikiwa zimetundikwa ukutani kwa chama, kisha nikaifunga na kuipeleka mwenyewe.

Na jambo moja zaidi. Mke wa Sabuni naye ni fundi cherehani. Naye ameomba nafasi ile ile.

Usiku ule nililala nikiwa nimekwisha kutoa hukumu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mjomba akiifuta lenzi kwa kipande cha flana.

“Sabuni amezichezea picha za mama mdogo,” nilisema. “Kikulacho ki nguoni mwako, mjomba.”

Alipuliza vumbi lisilokuwepo. “Umemwona akizichezea?”

“Nimeona dalili.”

“Dalili ni kama kivuli, mama. Mimi nimepiga picha miaka thelathini na sijawahi kumfunga mtu kwa kivuli chake. Subiri nizungumze naye.”

Sikusubiri. Sabuni alikuwa akikata picha za pasipoti, na mteja, mzee mmoja aliyevaa koti zito, alikuwa ameketi karibu naye akizingojea.

“Alhamisi ulikuwa unafanya nini kwenye kiti changu?” nilimuuliza.

“Nilikuwa nimekaa.”

“Na fleshi nyekundu?”

“Nayo ilikuwa imekaa.”

Mzee alicheka. Kicheko chake kikanipandisha joto masikioni.

“Picha za mama mdogo zimefutwa uzi. Zote kumi na mbili. Na mkeo ameomba nafasi hiyo hiyo.”

Mkasi ulisimama. “Mke wangu muache hapo hapo alipo.”

“Mtu anayeweza kufuta kovu la utotoni kwenye shavu la mtu mzima hashindwi kufuta uzi.”

“Profesa, unalijua neno ulilolisema?”

“Nalijua. Na Jumatatu nitalisema tena mbele ya kamati.”

Alisimama taratibu. Aliziweka funguo za studio juu ya meza bila kuzigonga, jambo lililonitia shaka zaidi kuliko kama angezitupa, akachukua mwavuli wake ingawa nje kulikuwa na jua la kukausha mihogo. “Kaka akinihitaji,” alimwambia mjomba aliyekuwa amesimama mlangoni, “anajua ninapoishi.”

Alipotoka, mzee alikohoa. “Sasa binti, na picha zangu?”

“Mkatie mzee picha zake,” mjomba alisema. “Na mwachie makunyanzi yake yote, maana wewe ndiwe mkweli.”

Nilimkatia. Picha moja ikaenda upande. Mzee aliondoka akiiangalia hiyo moja, akisema kwamba angalau inafanana na maisha yake.

Kisha nikafunga mlango na kuanza kutafuta ushahidi. Programu tunayoitumia huweka kumbukumbu ya kila jambo lililofanyiwa picha, na saa yake. Nilitarajia kukuta mkono wa Sabuni wa siku ya Alhamisi. Nilifungua picha ya kwanza, sare ya muuguzi. Badiliko la mwisho: Jumatano, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Ya pili, Jumatano. Ya tatu, Jumatano. Zote kumi na mbili, Jumatano, ndani ya dakika saba. Alhamisi hapakuwa na kitu.

Je, nilijishuku? La. Niliishuku saa ya kompyuta. Nilijiambia kwamba mtu mjanja anaweza kuirudisha nyuma, akatenda yake, akaipeleka mbele tena. Nikatafuta alama za jambo hilo kwa nusu saa nzima. Nilipozikosa ndipo nilipoanza kusoma, si saa, bali hatua zenyewe.

*Punguza zambarau: hadi mwisho. Nakili kwa picha zote.*

Mkono ule niliujua. Nilikumbuka picha ya sare ya muuguzi, nikiwa nimeukuza waya wa henga hadi ukaijaza skrini, nikikivuta kwa kipanya kitelezi cha kupunguza zambarau, polepole, mpaka waya ukatakata kama sindano mpya. Nikakumbuka kuridhika kwangu. Nikakumbuka nilivyoziamuru picha nyingine kumi na moja zitendewe vivyo hivyo, kwa kuwa mahali fulani nilisoma kwamba chombo hicho hugusa makosa ya lenzi tu. Kisha nilizikagua zote, moja baada ya nyingine. Nilikagua waya.

Nilikivua kitambaa cheupe nilichojifunga kichwani, alichonishonea mama mdogo nilipoanza chuo, nikakitundika kwenye henga mbele ya pazia jeusi. Nililifungua tundu la lenzi mpaka mwisho, nikapiga. Kwenye skrini waya ulikuwa na wanja, na pindo lilikuwa na mstari wa zambarau. Nilikivuta kitelezi. Wanja wa waya ulififia, na uzi wa mama mdogo ukafifia pamoja nao, ukawa wa kijivu, ukawa si kitu. Nilikirudisha, vyote viwili vikarudi. Nilifanya hivyo mara tano, kama mtu anayebonyeza kidonda ahakikishe bado kinauma.

Mashine haikuwa na namna ya kujua kwamba mstari mmoja ni kosa la kioo na mwingine ni jina la mtu. Kujua ilikuwa kazi yangu.

Nilizitafuta picha asili. Sikuzipata, kwa sababu Alhamisi ile ile, baada ya kuchapisha, nilizifuta ili kuipunguzia kompyuta mzigo. Na kadi ya kamera ilikuwa imekwisha kutumika kwenye harusi mbili. Duniani kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo huenda zilikuwapo, napo ni katika mfuko wa shati la mtu niliyemfukuza.

Nilimweleza mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, “Basi kinachotula tumekiona, na nguo yenyewe tumeijua.”

Mama mdogo nilimkuta jioni akipiga pasi daftari la masomo, karatasi kwa karatasi, ili lionekane nadhifu mbele ya kamati. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Alikiweka chini chuma cha pasi.

“Hukuzitazama kabla ya kuzipeleka?”

“Nilizitazama zote, mama.”

“Ulitazama nini?”

“Henga.”

Alikaa. “Henga,” alisema. “Miaka kumi na tisa nashona, na mpiga picha wangu anatazama henga.” Nilidhani atalia, lakini alifanya jambo baya zaidi: alichukua gauni lililokuwa karibu, akaligeuza, akalifuata pindo kwa kidole, mzunguko mzima, kama mtu ambaye ghafla hana hakika kwamba kweli huutia uzi ule. “Nenda kwa huyo uliyemsingizia,” alisema hatimaye. “Usiende kwa sababu ya picha. Nenda kwa sababu ulimsingizia. Picha uziombe baadaye.”

Jumapili nilienda. Nyumba ya Sabuni ilikuwa na chumba kimoja cha mbele, na cherehani ya mkewe ilikuwa dirishani, ikinguruma. Mkewe alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja aliponiona.

“Ndiye huyu?”

“Ndiye,” Sabuni alijibu kutoka kwenye kochi.

“Karibu, hakimu. Kiti ni hicho.”

Sikukaa. Niliomba radhi kwa maneno niliyoyatayarisha njiani, na katikati yaliniishia, nikasema tu kwamba nilikosea, kwamba uzi niliufuta mimi, na kwamba nilimwita mwizi mbele ya mteja pasipo kuwa na kitu mkononi.

Sabuni alikuna kidevu. “Unajua nilizinakili kwa nini? Sikukuamini. Mtu aoshe picha kumi na mbili ndani ya dakika saba? Lazima kuna kitu amekikanyaga. Nikasema ngoja nizihifadhi zile asili, siku moja atazitaka. Ulipoingia ukanitazama kama mtu aliyenikuta dirishani kwa jirani, nikanyamaza.”

“Uliona kwamba uzi haupo?”

Alimtazama mkewe, kisha akatazama sakafu. “Mimi nimeoa fundi. Naijua alama ya mama yako mdogo kama ninavyoijua sauti ya mlango wangu. Niliona. Nilidhani utagundua mwenyewe. Halafu ukachapisha, bahasha ikaenda, na mimi…” Akafungua kiganja kilichokuwa kitupu. “Nilinyamaza tena. Mara ya pili sikunyamaza kwa ajili yako.”

Cherehani ilikuwa imekoma. Kwa hiyo shaka yangu haikuwa imepiga hewani kabisa; ilipiga karibu naye, ikamkosa, ikamchubua. Sikupata faraja yoyote kwa kulijua hilo.

“Fleshi iko wapi?” nilimuuliza.

Aliyejibu ni mkewe. “Ukiichukua hiyo fleshi unachukua na nafasi yangu. Unalijua hilo?”

“Nalijua.”

“Afadhali umesema unajua. Ningechukia ungejifanya hujui.” Aliivuta droo ndogo ya cherehani, akachakura katikati ya bobini na vipande vya chaki, akaitoa fleshi nyekundu na kuiweka ukingoni mwa meza, upande wangu. “Mume wangu angeitoa kesho, akiwa amekwisha kunichosha kwa kuguna kitandani. Mimi naitoa leo. Sitaki kusikia maisha yangu yote kwamba nilimshinda mtu aliyefungwa macho.” Kisha akarudisha pini mdomoni na kusema kati yazo: “Lakini ukinikuta barabarani, usinisalimie.”

Jumatatu saa nne tuliingia kwenye chumba cha kamati. Watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti, mama mnene aliyejivika utepe wa kupimia shingoni kama mkufu, hakutuomba tukae. Nilikuwa na kompyuta, kamera, kitambaa cheusi na picha kumi na mbili mpya, zilizochapishwa kutoka fleshi ile. Alizipanga mezani pembeni ya zile za kwanza.

“Ijumaa uzi haupo,” alisema. “Jumatatu uzi upo. Jumatano utakuwa wa dhahabu?”

Wenzake walicheka. Mama mdogo alitazama mbele.

“Mama mwenyekiti,” nilisema, “uzi niliufuta mimi. Mwenye kazi hana habari. Naomba niwaonyeshe jinsi nilivyofanya.”

“Onyesha. Lakini nguo nachagua mimi.”

Alichagua kitambaa chake mwenyewe cheupe, kisicho na alama ya mtu, na lile vazi la mfano. Nilivitundika pamoja juu ya kitambaa cheusi, nikalifungua tundu la lenzi mpaka mwisho, nikapiga, nikawaonyesha. Vyote viwili vilikuwa na zambarau ukingoni.

“Lo!” alisema mjumbe wa kushoto. “Hata kitambaa cha mwenyekiti ameshona yeye! Basi huyu ana kiwanda.”

“Huo ni wanja wa lenzi,” nilisema. “Sasa nalibana tundu.” Niliwasogezea taa, nikapiga tena. Kitambaa cha mwenyekiti kilitoka cheupe, safi. Kwenye vazi la mfano mstari wa zambarau ulibaki palepale, mwembamba, umenyooka. Kicheko kilikoma. Niliirudia picha ya kwanza, nikamwomba mwenyekiti akivute kitelezi kwa mkono wake. Alikivuta. Wanja ulitoweka, na uzi ukatoweka nao. Alikirudisha. Alikivuta tena, polepole, akiwa amekunja uso.

“Na hizi kumi na mbili,” alisema bila kuinua kichwa, “ulizipiga tundu likiwa limebanwa?”

Nilikuwa nimeliogopa swali hilo tangu jana yake. “Hapana. Lilikuwa wazi.”

“Basi nitajuaje kwamba hiki ninachokiona ni uzi na si huo wanja wako?”

“Tazama mahali pindo lilipojikunja, mama. Pale nyeupe iko juu ya nyeupe. Hakuna cheusi, kwa hiyo lenzi haina sababu ya kujipaka. Lakini mstari unaendelea.”

Alitoa kioo cha kukuzia kwenye mkoba wake. Alizipitia picha moja moja, nasi tukasikiliza feni. Tisa alizisukuma kulia. Tatu zilibaki mbele yake.

“Na hizi? Hapa hakuna mkunjo.”

Mama mdogo aligeuka kunitazama. Ningeweza kusema kwamba tisa zinatosha kuzidhamini tatu. Mtu yeyote angesema. “Hizo tatu siwezi kuzitetea,” nilisema. “Picha hizo hazijui. Nguo zenyewe zinajua.”

Mwenyekiti alimgeukia mama mdogo. “Huyu ni wako?”

“Ni wa dada yangu,” mama mdogo alijibu. Kisha akasema: “Ni wangu.”

“Jumatano hizo nguo tatu ziwe hapa mezani. Na kuanzia leo chama hiki hakipokei picha bila nguo.”

Tulizunguka siku mbili. Muuguzi alikuwa zamu na ilitubidi tumngoje avue sare. Mwanakwaya alituuliza mara tatu kama joho lake lina tatizo. Mwenye gauni la harusi alikwisha kuligawa gauni kwa mdogo wake, na mdogo mtu alikuwa amelikata kuwa fupi. Hilo nusura litumalize. Lakini pande lililokatwa lilikuwa bado kwenye kapu la vitambaa chini ya kitanda chake, na pindo lake lilikuwa na uzi. Jumatano mwenyekiti alilipima pande lile kwa utepe, akaulinganisha mkato na gauni lililofupishwa, akaitikia kwa kichwa mara moja tu.

Barua iliyofuata ilikuwa na sentensi moja, iliyompa nafasi ya mkufunzi mkuu. Mama mdogo hakuikunja.

Sabuni alirudi kazini Alhamisi, mjomba alipomwendea. Kwa kuwa nilimtuhumu mbele ya mteja, nilimwomba radhi tena mbele ya wateja, na siku hiyo walikuwa wanne. “Fupisha,” aliniambia, “chai inapoa.” Mkewe nilimwona juzi ng’ambo ya barabara, akiwa amebeba kitambaa begani. Sikumsalimia, kama alivyotaka.

Jana alikuja bibi harusi kupigwa picha. Nilipoikuza ya kwanza, niliona zambarau nyembamba ukingoni mwa shela lake, pale lilipopita mbele ya pazia jeusi. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kitelezi.

“Wanja au uzi?” Sabuni aliuliza kutoka nyuma ya kompyuta yake.

“Sijui.”

“Basi?”

Niliinuka. Bibi harusi alikuwa bado ameketi chumba cha mbele akingojea, viatu mkononi. Nilipiga magoti kando ya kiti chake na kumwomba ruhusa niushike ukingo wa shela lake.